Barua kwa Mpwa Wangu wa Kisauni

Mtongwe, Likoni

Mpwa wangu mpenzi,

  Mkaza mjombako anakusalimu na anauliza lini utavuka uje ule naye.

Mamako amenisomea ujumbe ulioandika usiku ule uliposimamishwa na askari. Nimeusikia wote: ulivuliwa kofia, simu yako ikafunguliwa na kusomwa, ukaulizwa sheikh wako ni nani, kisha ukaachwa uende bila hata neno la samahani. Nimeumia, mwanangu. Hakuna sheria ya Kenya inayosema kuwa ndevu na kanzu ni ushahidi wa ugaidi, na waliokufanyia hivyo wamekudhulumu. Sitakwambia uvumilie tu. Nitalirudia jambo hili kabla sijaweka kalamu chini.

Lililoninyima usingizi ni maneno yako ya mwisho. Umesema kwa kuwa wao wametuona sote magaidi, nawe hutaki tena usuhuba na mtu wa bara, hata yule rafiki yako wa Bamburi uliyesoma naye tangu darasa la kwanza.

Hilo neno, "mtu wa bara", mimi nimeliona likiua. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari sita wakauawa, kisha vijana wakaingia mitaani kutafuta watu wa bara. Majirani tuliokuwa tukikopeshana unga na chumvi walikimbilia uwanja wa Kanisa Katoliki na vifurushi kichwani. Hapakuwa na kuulizwa fulani ni mwema au mbaya. Jina lake na lafudhi yake vilitosha. Ilikuwa siasa ya uchaguzi, dini haikuwamo. Na miaka mitatu tu kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe ilizama karibu na gati letu hili, wakafa watu 272, wengi wakienda kutafuta riziki. Nilikuwapo ufukweni siku ile. Tulipokuwa tukiipokea miili, hatukuuliza ni ya mtu wa wapi wala wa dini gani. Watu ni wale wale, ufuko ni ule ule, na miaka mitatu ilitosha kutubadilisha.

Sasa nikwambie langu, ambalo hata mamako sijamwambia.

Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisa la Joy in Jesus hapa Likoni, waumini wakiwa katika ibada, wakawamiminia risasi. Walikufa watu sita. Mtoto mdogo alibaki na risasi kichwani na mamake akafa. Madaktari wa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ndio walioitoa, akapona. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Kiluhya, alikuwa akijuana na baadhi ya waliokuwa mle ndani. Mimi sikwenda kumpa pole. Siku ya kwanza nilijiambia njia zimejaa askari. Siku ya pili nikajiuliza, na kofia yangu hii, atanitazamaje? Nilikwenda siku ya tatu, baada ya magharibi, nikinyatia kama mwizi. Alinipa kiti, akanitazama, akasema: "Mbona mmechelewa?" Hakusema "umechelewa". Mpaka leo sijui kama alikusudia mimi na mkaza mjombako, au Waislamu wote. Sikumwuliza, kwa kuwa kwa vyovyote alikuwa na haki ya kusema vile. Nilinyamaza nikiogopa asinidhanie vibaya, na siku zote tatu za kunyamaza kwangu alikuwa na nafasi ya kunidhania.

Haikutimia miezi mitatu. Alfajiri ya tarehe 10 Juni, Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, alipigwa risasi hapa hapa Likoni akielekea msikitini kuswali. Alikuwa akiwapinga waziwazi vijana waliotaka kuishika misikiti kwa mabavu. Jua halijapanda, yule mama alikuwa kizingitini kwetu, leso amejifunga. Yeye hakungoja siku ya tatu. Watu wa mbali wakiitaja Likoni hukumbuka la kanisa. La sheikh wetu wengi hawalijui. Ni kazi yako na yangu kuyasimulia yote mawili.

Novemba ya mwaka ule, nawe bado mtoto wa chuoni, polisi walivamia misikiti ya Musa na Sakina kule kisiwani, kisha Swafaa na Minaa kwenu Kisauni. Mamia ya watu walikamatwa, misikiti ikafungwa. Nilikuwa na hasira kama hii yako, nikaitangaza kila barazani. Basi tarehe 22 al-Shabaab wakasimamisha basi huko Mandera, wakawatenga wasio Waislamu na kuwaua, watu 28, wengi wao walimu wakirudi makwao likizoni. Wakasema wanalipiza kisasi cha misikiti ya Mombasa! Nani aliwatuma? Hasira yangu ilikuwa ya haki, nao wakaiokota wakaenda kuulia walimu. Desemba 2015, huko huko Mandera, basi jingine likasimamishwa na abiria Waislamu wakaambiwa wajitenge na wenzao. Wakakataa. Mmoja wao, Mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi siku ile, akafa mwezi uliofuata. Huyo ndiye ninayetaka umjue kwa jina.

Askari aliyekuvua kofia na yule wa porini mwenye bunduki wanakubaliana jambo moja, kwamba wewe si mtu mwenye jina lako, wewe ni kundi. Nawe ukimkimbia rafiki yako, umekubaliana nao.

Watu husema samaki mmoja akioza wameoza wote. Mimi nimeuza samaki miaka thelathini, na hakuna mchuuzi afanyaye hivyo. Asubuhi unamshika mmoja mmoja, unafunua shavu kuangalia wekundu, unabonyeza mgongo. Aliyeoza unamtoa, tena upesi, maana ukimwacha kwa kuona haya mbele ya wateja, jioni utamwaga tenga zima. Anayekamata msikiti mzima anamwaga tenga. Nasi tukimficha mhubiri wa chuki kwa kuwa ni mwenzetu, tunaliozesha wenyewe. Mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 na kuua watu 148 alikuwa mtoto wa chifu wa Mandera, kijana aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Babake alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu kwamba mwanawe ametoweka. Nafikiria sana uzito wa ulimi wa mzee yule alipokuwa akilisema hilo. Ukisikia mwenzio anaahidiwa kazi ya fedha nyingi ng'ambo ya mpaka, au anafundishwa kwamba damu ya jirani ni halali, mwambie mamako, niambie mimi, usiku huo huo.

Itazame na Shakahola, hapo Kilifi. Tangu Aprili 2023 zimefukuliwa maiti zaidi ya 400 za wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, ambaye ameshtakiwa, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa. Je, ulimwogopa rafiki yako kwa sababu naye huenda kanisani? Hukumwogopa. Hakuna aliyemsimamisha Bamburi akamshika msalaba shingoni na kumwuliza mchungaji wake ni nani. Haki hiyo hiyo tunaitaka sisi, na yeye ndiye shahidi wetu mzuri kuliko wote.

Sasa la askari. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Na kwa kawaida afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Siku nyingine usitukane wala usikimbie. Wewe andika siku, saa, mahali, na namba ya gari kama utaipata. Iko Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ndiyo IPOA, na hapa Mombasa wana ofisi. Nitakwenda nawe mimi mwenyewe, na kofia yangu kichwani.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakungoja kivukoni, upande wa kisiwani. Njoo na kitambulisho chako, na umwombe yule rafiki yako wa Bamburi afuatane nawe.

Wassalaam,
Mjomba wako