Kupanda Koma kwa Gia ya Chini

Kanisani kwetu Umoja, anayesimama kutoa ushuhuda huanza na "Bwana asifiwe", kisha hueleza alivyougua, alivyoombewa na alivyopona, na watu wakapiga makofi. Wangu hauendi hivyo, ndiyo maana sijawahi kuutoa kule mbele. Sikupona siku moja, na sehemu kubwa ya kupona kwenyewe ilifanyika kwenye barabara ya Kangundo, nimevaa suruali ya michezo ya mjukuu wangu, makanga wakinipigia miluzi.

Mume wangu alifariki Mei 2020. Zilikuwa figo, si Korona, lakini mwezi ule nani alikuwa na muda wa kutofautisha? Nairobi ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Aprili, hutoki bila kibali, na serikali ilikuwa imeamuru mazishi yasizidi watu 15. Mtu aliyefundisha nusu ya Butula, kule Busia, kusoma akasindikizwa na watu 15, tukihesabiwa langoni. Watoto wetu wawili walitazama kwa simu, kijana akiwa Doha na dada yake Mombasa, mtandao ukakatika kabla jeneza halijateremshwa. Hapakuwa na matanga. Hapakuwa na watu wa kulala uani wakiota moto, wala mjomba wa kusimulia vituko vya marehemu hadi ucheke huku machozi yanakutoka. Kazi ya matanga niliijua nilipoyakosa.

Nikarudi Umoja. Kanisa limefungwa, kafyu kila jioni, na nyumba ina kiti kisichokaliwa. Mjane hupewa sauti yake mtaani: watu wakikuona huishusha, huinamisha kichwa upande mmoja, hukuuliza umeamkaje kama anayemwamsha mgonjwa. Kwa mama mboga nilipishwa foleni. Kwenye ngazi vijana walinyamaza hadi nipite. Walinitendea wema, siwalaumu, lakini wema ule ulinielemea hata nikaanza kuagiza mboga kwa mtoto wa jirani ili nisitoke. Nikawa nalala mchana na kukesha usiku. Mwaka ulipoisha presha ilikuwa 170 kwa 100, sukari nayo imepanda. Daktari kijana aliyenipima akasema nitembee kila siku. Magoti yangu, yaliyosimama mbele ya ubao kwa zaidi ya miaka thelathini, yakakataa.

Nikakumbuka baiskeli. Haikuwa ngeni kwangu. Nilipoanza kazi miaka ya sabini nilikwenda shuleni kwa baiskeli, na Busia ni nchi ya baiskeli: pale mpakani ndipo boda boda zilipoanzia, vijana wakivusha watu na magunia kwa Black Mamba miaka mingi kabla ya pikipiki. Mwalimu wa kike akikanyaga pedali alitazamwa muhula mmoja, kisha watu wakazoea. Nilipohamia Nairobi niliacha. Anayeijua barabara ya Jogoo hataniuliza kwa nini.

Ya safari hii niliipata Kariobangi, mtumba kutoka Uingereza, ya gia 21, shilingi 9,000 baada ya kuvutana. Fundi aliniuliza kama ni ya mjukuu. Nilipomwambia ni yangu, alinitazama, kisha akafanya jambo la heshima kuliko pole zote nilizokuwa nimepewa: akaniketisha juu yake, akapima mguu wangu, akainua kiti. Wazee hupenda kiti kiwe chini ili miguu ifike ardhini, akasema, na hapo ndipo wanapoua magoti. Pedali ikiwa chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka. Alisema kweli. Mwili unabebwa na kiti, goti linazunguka tu, na yale magoti yaliyoshindwa kutembea hadi soko la Mutindwa yakakubali.

Nilianza alfajiri, kafyu ikishaisha na matatu hazijakasirika. Barabara ya Outering ilipopanuliwa iliwekewa njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na hilo ni jambo jema, ila njia hiyo sasa ina viatu vya mitumba, mahindi ya kuchoma na pikipiki zinazokuja mbele yako. Mwenye baiskeli hupita akiomba. Nikaona heri nielekee upande wa pili, nje ya jiji, kwa barabara ya Kangundo.

Kutoka Komarock unafika Njiru, kwenye malori ya mawe ya machimbo na vumbi lake. Kisha Ruai, ambako majitaka ya Nairobi husafishwa katika mabwawa makubwa; upepo ukigeuka alfajiri hukanyagi kwa sababu ya afya tena, unakimbia. Baada ya Kamulu unaingia Machakos, unafika Joska penye mabango ya viwanja kila hatua, na hapo ndipo anga linapofunguka na Kilimambogo kuonekana upande wa kushoto, mita 2,145 za mlima uliokaa peke yake. Upepo wetu huvuma zaidi kutoka mashariki. Kwenda unakupiga usoni, kurudi unakusukuma mgongoni ukiwa umechoka. Sijui barabara nyingine ya Nairobi iliyopangwa kwa huruma kiasi hicho kwa mzee.

Njiru ndipo nilipowakuta wazee wa mtaa wa Jericho, wamegeuza baiskeli moja miguu juu wakibishana juu ya kiraka cha tyubu. Watatu, wote wastaafu. Mkubwa wao alikuwa fundi wa reli. Waliniuliza nilifanya kazi gani, nikasema ualimu, na tangu siku hiyo jina langu ni Mwalimu. Hawakuuliza mume wangu yuko wapi. Nilikanyaga nao majuma mengi kabla hawajajua.

Mzee wa reli ndiye aliyenifundisha kupanda. Moyo wa mtu wa miaka 66 haupigi kama wa kijana. Kwa ile hesabu ya kukadiria ya 220 kutoa umri, kikomo changu kilikuwa mapigo 154 hivi kwa dakika, na sina saa ya kuyahesabu. Yeye alitumia kipimo kingine. "Mwalimu, saba mara moja?" Nijibu saba. "Mara mbili?" Kumi na nne. Nikiishiwa pumzi kabla ya kutamka jibu, anapaza sauti: "Teremsha gia!" Nimepanda vilima vya barabara ile nikitaja hesabu za kuzidisha kama darasa la tatu, wapita njia wakitusikiliza, watoto wakikimbia kando yetu wakiimba "Shosho wa baiskeli!"

Mara ya kwanza kufika Koma niliisukuma baiskeli. Ni kilima chenye jabali, Wakatoliki wana kituo chao cha hija pale, na utawakuta watu wakipanda na rozari mkononi. Chini yake palikuwa na mama akiuza maembe. Alinitazama nilivyolowa jasho, kofia ya baiskeli imekaa upande, akaangua kicheko. "Mwaitu, hiyo inakubeba au unaibeba?" Alicheka hadi akaweka embe chini. Na mimi nikacheka, nikashindwa kuacha. Mama yule hakujua kwamba mimi ni mtu wa kushushiwa sauti. Ningemkumbatia.

Tulipokaa kunywa chai ndipo nilipowaambia kuhusu mume wangu, na watu 15, na simu iliyokatika. Hawakuinamisha vichwa. Mzee wa reli akauliza, "Alikuwa mtu wa vituko?" Nikawasimulia alivyomfukuza jogoo wa mkaguzi wa shule akidhani ni wetu, tukala nyama na mkaguzi mwenyewe akasifu mchuzi. Mzee naye akasimulia habari za mkewe, aliyemzika kabla ya Korona. Mwingine akamtaja kaka yake. Jua lilikuwa limesogea sana tulipoinuka, na makombo ya mandazi yalituzunguka kama uani kwa watu wenye matanga.

Sikushuka Koma nikiwa mzima. Nililia mara nyingi baadaye, na bado. Lakini nilianza kulala usiku. Presha ilishuka polepole, sukari pia, na vidonge sijaacha. Anayekuambia baiskeli huondoa vidonge, muulize anauza nini.

Mwaka uliofuata trela lilinibana karibu na machimbo, nikaenda kwenye kokoto na kifundo cha mkono kikavunjika. Binti yangu akapiga simu kutoka Mombasa: "Mama, hiyo kitu iuzwe. Kesho ikiwa nyonga?" Hoja yake haikuwa ya kitoto. Baiskeli haiimarishi mifupa jinsi kutembea kunavyofanya, kwa sababu uzito wote umekalia kiti, na mifupa ya mwanamke wa umri wangu haidanganyiki. Nilimtumia habari za Robert Marchand, yule Mfaransa aliyekanyaga kilomita 22.547 kwa saa moja Januari 2017, akiwa na miaka 105. Akajibu: "Ufaransa hakuna malori ya Njiru."

Agosti 2022 alipofariki Suleiman Kangangi, mwendeshaji baiskeli wetu hodari, aliyeanguka mbioni huko Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33 tu, simu ya binti yangu ndiyo iliyonipa habari. Sikuwa na hoja siku hiyo. Kwenye barabara ya Kangundo wazee walinyamaza njia nzima.

Tulikubaliana hivi, yeye na mimi: nivae koti la rangi inayong'aa, malori yakianza kutoka machimboni niwe nimeshapita, na siku nisiyokanyaga nipande ngazi za ghorofa yetu na kidumu cha maji. Ngazi nazichukia. Nazipanda.

Sasa nina miaka 70. Jumamosi hii tunakwenda Tala. Mzee wa reli anataka tuishie sokoni, tule, turudi na upepo. Mimi nataka tuendelee hadi Kangundo, kwenye mashamba ya kahawa, ambako miinuko ni mikali. Anasema goti lake la kushoto lina maoni tofauti. Nimemwambia safari hii muulizaji ni mimi, na kwamba ajiandae: tutaanza na kumi na tatu.