Nani Kaichafua Stesheni?

Kwa watu wanaojenga reli ndogo za mfano, kujenga nyumba ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuichafua. Unakata kuta, unabandika paa, unapachika milango, kila kitu kimenyooka na kinang'aa; halafu unashika brashi na kuanza kuharibu ulichojenga. Unaweka kutu kwenye mabati, ukungu chini ya upenio, lipu iliyobanduka, ubao uliopauka kwa jua. Mimi kazi hiyo naiita kuzeesha. Asiyeijua huona ni kichaa. Anayeijua atakuambia kwamba nyumba isiyozeeshwa, hata ikijengwa kwa ustadi gani, itabaki kuonekana kama boksi la viatu.

Mchana naandika habari. Usiku, nyumba ikitulia, nakata maboksi. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa najenga kitu kimoja tu: stesheni ndogo kwenye reli ya Tanga, kati ya Korogwe na Same. Hapo ndipo mama yangu alipozaliwa mwaka 1958, kwenye kota za reli. Babu alikuwa mtu wa kubadilisha njia za treni. Kazi yake ilikuwa kuvuta mkono wa chuma ili treni moja ipishe nyingine, na kati ya treni na treni, kufagia.

Madukani hutapata boksi lenye vipande vya stesheni ya Upare. Yanayouzwa ni ya vijiji vya Ujerumani na miji ya Marekani. Kwa hiyo ukitaka ya kwenu, unaanza na futi kamba, picha na miguu yako mwenyewe. Nilikwenda kuipima mwaka 2018. Reli ile, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi 1911, ilikuwa haijaona treni ya abiria kwa zaidi ya miaka ishirini. Majani yalifika magotini. Nilipima mlango, dirisha, kimo cha ukuta, urefu wa jukwaa. Nilipiga picha kila doa.

Skeli niliyochagua ni 1:87. Maana yake mlango wa meta 2.1 unakuwa milimita 24, na mtu wa kimo cha kawaida anakuwa milimita 20, yaani kama nusu ya njiti ya kiberiti. Njia yetu ya zamani ina upana wa meta moja. Kwenye meza inakuwa milimita 11.5, na wajenzi wengi hutumia reli ndogo za milimita 12, tofauti ambayo jicho haliioni.

Kuta ni za boksi gumu, zimepakwa gundi na lipu laini. Paa ndilo lililonitesa. Mawimbi ya bati la kawaida yameachana milimita 76 hivi. Gawanya kwa 87 upate milimita 0.87. Utapata wapi bati lenye mawimbi madogo namna hiyo? Jibu nililipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi: bolti ya milimita tano. Thredi zake zimeachana milimita 0.8. Tandaza foili ya jikoni juu ya kitu laini, kama daftari kuukuu, kisha ivingirishe bolti juu yake huku ukiikandamiza, kama mtu anayesukuma chapati. Foili inatoka na mistari sambamba, bati kabisa. Ukate vipande vyenye ukubwa wa bati halisi, ubandike kimoja kimoja kuanzia chini kwenda juu, kila kimoja kikilalia kidogo jirani yake. Vipande vingine viache vipinde kidogo. Fundi wa kweli naye huwa anachoka.

Baada ya hapo ndipo unazeesha, na hapa ndipo penye utamu kwa mtu wa maandishi. Kanuni ni moja: kila doa lina chanzo. Kutu haitokei tu popote. Inaanzia kwenye tundu la msumari au ukingo uliokatwa, kisha inashuka kufuata maji. Udongo mwekundu hauupandi ukuta mzima; matone ya mvua huurusha kutoka chini, ukaishia karibu nusu meta, ambayo kwangu ni chini kidogo ya milimita sita. Ukungu unakaa upande usiopata jua. Rangi ya mlango inachubuka mahali mkono unaposukuma na kiatu kinapogonga. Ukiweka doa ambalo huwezi kulieleza lilitoka wapi, mtazamaji hatajua tatizo ni nini, ila ataacha kukuamini. Mhariri wangu wa kwanza alikuwa akisema maneno yanayofanana na hayo kuhusu habari, na hakuwahi kushika brashi.

Vifaa ni vya nyumbani. Nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, ukizilowanisha kwenye siki kwa siku kadhaa, zinatoa maji yanayoipa mbao rangi ya kijivu na ukuta rangi ya kutu. Chaki iliyosagwa ni vumbi. Wino mweusi, matone machache ndani ya spiriti, unaingia kwenye nyufa na kuzionyesha. Rangi inayobanduka inapatikana kwa spree ya nywele: paka rangi ya chini, puliza spree, paka rangi ya juu, kisha lowanisha kidogo na usugue kwa brashi. Ya juu inaachia vipande vipande, kama ukuta wa kweli. Udongo wangu ni wa palepale stesheni, niliurudi nao kwenye chupa ya maji na kuuchekecha kwa chujio la chai. Na rangi zote zififishe kidogo. Ukiitazama nyumba ya skeli hii ukiwa umbali wa sentimeta 60, ni kama umesimama meta 52 kutoka nyumba halisi, na kwa umbali huo hakuna cheusi kilicho cheusi tii.

Uchafu huu haukukubalika siku zote. Mmoja wa waliouingiza katika mchezo huu ni John Allen, mpiga picha wa Monterey, California, aliyejenga reli aliyoiita Gorre & Daphetid. Wakati wengi walitaka injini ziwe kama zimetoka kiwandani jana, yeye alizipaka vumbi na masizi. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Tunamjua zaidi kwa picha zake mwenyewe.

Basi, yangu ilipokamilika nilimwonyesha mama. Nilijivunia paa hasa: kutu tabaka tatu, bati moja limeng'oka na kuning'inia, majani yanachungulia dirishani. Alivaa miwani, akainama, akaitazama muda mrefu.

"Nani kaichafua hivi?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Picha ninazo."

"Umezipiga lini?"

"2018."

"Mwaka huo sisi tulikuwepo?"

"Hapana, mama."

"Haya. Sasa tungekuwepo, ingekuwa hivi?" Akanyoosha kidole, bila kugusa. "Babu yako alale, doa hili lipo ukutani? Mwanangu, mawe ya njiani yalikuwa yanapakwa chokaa. Mawe!"

Hakukasirika. Alirudisha miwani kwenye kasha lake na kuuliza kama nimekula.

Stesheni ile ni ya kweli, kila doa lina chanzo na picha yake, na bado iko kabatini kwangu. Lakini swali la mama lilikuwa la aina nyingine. Kila mjenzi wa reli za mfano analazimika kuchagua mwaka. Ukichagua mwaka, umechagua pia ni watu gani watakuwepo na ni watu gani wameshaondoka. Sisi waandishi tunapenda magofu. Tukipewa reli, kiwanda au sinema iliyofungwa, tunapiga picha ya kutu na kuandika aya tatu za huzuni, na msomaji anabaki akidhani kwamba kutu ndiyo habari yote. Anayesahaulika ni mtu aliyekuwa anaiondoa kutu kila Jumamosi.

Angalia watu wawili waliochagua muongo uleule. Roye England, Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925, aliona vijiji vya Vale of White Horse vikibadilika upesi, akaanza kuvipima na kuvijenga nyumba moja moja kwa skeli ya 1:76. Kazi hiyo sasa iko kwenye makumbusho ya Pendon, kijijini Long Wittenham, na inaonyesha miaka ya 1930: paa za nyasi, bustani, mboga mistarini. Kule Peabody, Massachusetts, George Sellios akajenga Franklin & South Manchester, mji wa miaka hiyohiyo ya 1930, ila ni mji wa Mdororo Mkuu: matofali yaliyochubuka, matangazo yaliyofifia, vichochoro vilivyojaa takataka. Hakuna anayedanganya kati yao. Lakini ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, huwezi kuamini kwamba kalenda ilikuwa moja.

Nikaanza stesheni ya pili, ya mwaka 1968, mama akiwa na miaka kumi na injini za mvuke zikiwa bado zinapita. Nilidhani ingekuwa rahisi, kwamba nyumba safi haihitaji kuzeeshwa. Kumbe ndiyo inahitaji jicho zaidi, kwa sababu uchafu wa kazi si uchafu wa kutelekezwa. Chokaa iliyopakwa mwaka hadi mwaka inafanya unene na kuzipunguza makali pembe za ukuta, kwa hiyo nilipaka mara saba. Udongo mwekundu upo chini ya ukuta, ila ni kivuli tu chini ya chokaa mpya. Ngazi ya mlangoni imelika katikati. Bati moja ni jipya kuliko mengine, maana lilitoboka na mtu akalibadilisha. Masizi yako ukingo mmoja tu wa paa, pale injini ilipokuwa inasimama. Mkono wa kubadilishia njia nimeusugua kwa risasi ya penseli mpaka unang'aa pale juu, kwa kuwa chuma kinachoshikwa kila siku hakishiki kutu. Ua nimelifagia kwa mswaki, ili mistari ya ufagio ionekane.

Wakati huo huo kule reli yenyewe haikungoja. Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Majani niliyoyabandika kwa koleo ndogo, jani kwa jani, katikati ya njia ya stesheni yangu ya kwanza, sasa nayo ni historia.

Mama ameiona hii ya pili. Aliizunguka meza mara mbili, akahesabu madirisha, akataka mlango wa ofisi ya stesheni masta uwe wazi, kwa sababu haukuwahi kufungwa mchana. Kisha akauliza mtungi uko wapi. Palikuwa na mtungi wa maji ya abiria chini ya mti, babu akiujaza kila asubuhi. Niliufinyanga kwa udongo uleule wa kwenye chupa, milimita tano na nusu kwenda juu. Aliposhika kikuzaji na kuuona, akasema bado: chini ya mtungi udongo ulikuwa mbichi siku zote, na palikuwa na kijani kidogo hata kiangazi, watoto wakipitisha vidole hapo ili wapoe.

Nimeuweka huo ubichi kwa gundi inayobaki kung'aa ikikauka, na kijani cha chaki. Ni doa moja, halifiki upana wa punje ya mchele. Ndilo pekee alilolidai.