Nyumba haiuzwi kwa jasho la aliyeijenga

Wazazi wengi wakiamua kuuza nyumba, hesabu ya kwanza wanayopiga ni ya walichotumia: saruji, nondo, bati, fundi. Mnunuzi ana hesabu yake. Anaangalia alichonacho mfukoni leo.

Ndivyo ilivyowakuta mume na mke mmoja wa Tukuyu mwaka 2017, wakati pesa ilikuwa ngumu na hata Dar es Salaam vibao vya "Nyumba inauzwa" vilikuwa vikichakaa ukutani. Walikwishahamia shambani, na binti yao alidaiwa ada ya chuo. Baba alitaja milioni 60. Dalali alikubali haraka, maana kukubali hakumgharimu kitu. Mteja wa kwanza akaja na milioni 45. Baba akaona ametukanwa.

Ukapita mwaka. Mvua ya Rungwe haimsubiri mnunuzi: kuta zikashika ukungu, bati likaota kutu. Ada ikalipwa kwa mkopo wenye riba. Mteja wa pili akataja milioni 38.

Hapo mama akauliza swali lililopaswa kuulizwa mwanzo: "Baba watoto, nyumba kama yetu zimeuzwa shilingi ngapi? Sisemi zinauzwa, nasema zimeuzwa."

Wakazunguka kuuliza majirani, kisha mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hushuhudia mauziano mengi. Nyumba tatu zilizofanana na yao zilikuwa zimekwenda kati ya milioni 36 na 42. Wakapatana na yule mteja kwa milioni 40.

Kabla ya kumwita dalali, basi, wazazi wakae wakubaliane bei mbili: ya kutangaza na ya mwisho. Wahesabu pia gharama ya kila mwezi wa kusubiri: riba, mlinzi, ukarabati. Mwenye uwezo amlipe mthamini aliyesajiliwa. Na mke asishirikishwe kwa hisani tu: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Baba yule alilalamika kwamba amepoteza milioni 20. Mkewe akamjibu kwamba hizo hazikuwahi kuwa zao. Walichopoteza ni zile milioni tano za mteja wa kwanza, na riba ya mwaka mzima juu yake.