Bahasha ya Posa Ilikuwa na Matundu Manne

Barua ya posa ikipelekwa, watu wa Songea wanajadili mambo yaleyale: mshenga ni nani, kavaa nini, ndani kumewekwa shilingi ngapi. Bahasha imefungwa na nini, hilo hakuna anayeuliza. Bahasha ni bahasha tu. Unaingia stationery, unatoa hela yako, unapewa nyeupe yenye maua pembeni, unaondoka. Ila kuna posa moja ilitoka Mfaranyaki kwenda Mbinga mwezi wa kwanza, na nusura ivunjike kwa sababu ya kipande cha waya kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Majina hayatatajwa, maana wahusika wote wapo na wengine mnanunua kwao kila siku.

Kijana ni fundi simu. Binti anauza duka la dawa Majengo, kwao ni Mbinga. Walijuana kwa sababu ya kioo cha simu kilichopasuka, kazi ya dakika arobaini ambayo fundi aliifanya kwa siku nne ili binti awe anapita kuulizia. Mambo yakaenda, mwaka na kitu, mwisho wakakubaliana kwamba sasa wazee wahusishwe.

Barua akaichapa mwenyewe kwenye kompyuta. Na hapo ndipo pa kumjua fundi simu ni mtu wa aina gani: kazoea risiti. Kawaida barua ya posa ni maneno ya heshima, kwamba tumeona ua kwenu, tunaomba kulichuma. Hela inawekwa ndani kimyakimya. Yeye akaandika kabisa chini kwamba barua inaambatana na shilingi 200,000. Alipomsomea mama yake ile barua, mstari huo akauruka. Alijua mama angesema laki mbili za kufungulia barua tu ni nyingi mno.

Sasa bahasha. Januari Songea ni mvua juu ya mvua, na wauza stationery wanajua gundi ya bahasha inavyokuwa kipindi hicho. Inavuta unyevu, bahasha zinajifunga zenyewe zikiwa bado zimepangwa dukani, ukizibandua gundi inabaki upande mmoja na haishiki tena. Ya kwake ilikuwa hivyo. Akalamba, akabonyeza, ikaachia. Akachukua kale kastepla kadogo anakobania risiti za wateja, kanakotumia pini namba 10, akapiga moja katikati. Akampa mama aitunze kabatini mpaka mshenga aje kuichukua. Ililala pale siku mbili.

Mshenga ni mzee wa Bombambili, rafiki wa marehemu baba yake fundi. Kabeba barua za watu wengi sana, na haijawahi kusikika kokote kwamba kapunguza hata mia. Siku ya safari akavaa koti, akaiweka bahasha mfuko wa ndani, akapanda kosta ya asubuhi. Hakuigusa tena mpaka sebuleni kwa wakwe.

Kule walipokelewa vizuri, chai, maandazi, salamu ndefu. Baba mkubwa wa binti ndiye aliyekaa kama mzee wa nyumba. Bahasha ikafunguliwa, kijana mmoja wa pale akapewa asome kwa sauti. Akasoma mpaka chini, "shilingi laki mbili". Wanawake wa jikoni wakapiga kigelegele kidogo. Baba mkubwa akahesabu noti. Akarudia. Noti za elfu kumi zilikuwa kumi na tano.

Laki moja na nusu.

Hapo vuta picha. Mvua inapiga bati, watu wazima kumi na kitu wamekaa, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuongea. Mtu mmoja karibu na mlango akasema, "Kumbe toka Songea mpaka hapa hela nayo inalipa nauli." Wengine wakacheka, na kicheko cha aina ile kinaumiza kuliko tusi. Mshenga akavua kofia. Akasema atatoa hiyo elfu hamsini mfukoni mwake ili mambo yaendelee.

Baba mkubwa akamwambia polepole, "Mzee mwenzangu, ukitoa, umekiri."

Na kweli. Akitoa ni mwizi, asipotoa ni mwizi. Binti alikuwa chumba cha pili anasikia kila kitu, mkono mdomoni.

Aliyeokoa jahazi ni shangazi wa binti. Huyu mama ni mwalimu mstaafu, kasimamia mitihani miaka na miaka, darasa la saba na kidato cha nne. Anayefahamu kazi ile anajua kwamba bahasha ya mtihani inafunguliwa mbele ya watahiniwa wenyewe, na kabla ya kukata wanaonyeshwa kwamba haijaguswa. Mwalimu aliyezoea hivyo hawezi kuangalia bahasha kama mimi na wewe tunavyoangalia. Akaomba apewe. Aliyeifungua alikuwa ameichana pembeni, kwa hiyo mfuniko ulikuwa bado umebanwa na pini. Akasogea dirishani, akaiinua kwenye mwanga.

Pini moja inatoboa matundu mawili. Bahasha ile ilikuwa na manne. Mawili yalikuwa na pini ndani yake. Mawili yalikuwa matupu, pembeni kidogo.

Mtu mwingine angeishia hapo na kusema basi, imefunguliwa, mshenga katuibia. Shangazi akaendelea kuangalia. Matundu matupu yalikuwa yamekaribiana. Yale yenye pini yalikuwa yameachana. Yaani stepla mbili tofauti.

Hili jambo ukilijua hutaacha kuliona. Pini za madukani kwetu karibu zote ni za aina mbili. Kuna namba 10, za vile vistepla vidogo, mgongo wake haufiki milimita 10. Halafu kuna 24/6, za stepla kubwa za maofisini, mgongo kama milimita 13. Hizo tarakimu zenyewe zina maana: 24 ni unene wa waya, 6 ni urefu wa mguu kwa milimita. Ukibandua namba 10 ukapiga 24/6 pale pale, matundu hayawezi kulingana hata ukiomba dua. Pini haina akili wala haina mdomo, ila karatasi inatunza kumbukumbu.

Na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Kuna vifungio vinavyofunga vizuri na kuna vifungio vinavyosema ukweli, na mara nyingi si vilevile. Chukua ile bahasha ya kaki yenye kibanio cha bati nyuma, masikio mawili unayapitisha kwenye tundu la mfuniko halafu unayalaza huku na huku. Wazo hilo ni la zamani: mwaka 1866 Mmarekani mmoja, George McGill, alisajili kibanio kidogo cha shaba ya njano cha kupitisha kwenye karatasi na kukikunja. Kinashika vizuri sana. Hata vyeti ukivirusha kwenye buti la basi la Dar, zaidi ya kilomita 900, vinafika havijamwagika. Lakini mtu akiyainua yale masikio, akasoma, akayalaza tena, utajuaje? Labda yakunjwe mara nyingi mpaka bati lichoke likatike. Ile ya kamba na vifungo viwili ndo kabisa. Unazungusha kamba kama namba nane, bahasha moja inatembea ofisi hadi ofisi, kila mtu anafungua. Imetengenezwa ifunguliwe.

Vinavyosema ukweli ni vile vinavyokufa vikifunguliwa. Lakiri ya nta, ile ya kuyeyusha kwa moto na kugonga muhuri juu, haikunjiki, inavunjika. Ndiyo maana jina lake limebaki hata kwenye vitu ambavyo si nta tena. Masanduku ya kura siku hizi yanafungwa kwa lakiri za plastiki zenye namba, ukiikata hairudi, na wakala mjanja anainakili namba kwenye daftari lake. Stepla iko katikati. Inafunguka kwa ncha ya kisu, dakika moja tu, ila inaacha matundu. Inakuficha na inakusaliti.

Turudi Mbinga.

Shangazi hakumtuhumu mtu. Akamwomba mshenga apige simu kwa kijana, aweke sauti kubwa. Kijana akapokea haraka, anadhani anapewa hongera.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hii bahasha uliibana na stepla kubwa au ndogo?"

"Ndogo shangazi. Namba kumi."

"Ulipiga ngapi?"

"Moja tu."

"Iliyopo hapa ni kubwa. Na hela ni laki moja na nusu."

Kimya. Mtandao ulikuwepo, mtu ndiye aliyekuwa hana maneno. Kwa sababu fundi alijua. Kwao Mfaranyaki stepla kubwa ni moja tu, na ni ya kikundi. Mama yake ni katibu wa VICOBA, daftari na stepla vinakaa kwake kwenye kikapu. Inachekesha ukiwaza: sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo tatu wanashika watu watatu, hakuna anayeweza kufungua peke yake. Bahasha ya posa ya mwanawe ilikuwa na pini moja.

Sasa jiweke kwenye viatu vya huyu kijana. Upande mmoja kuna mzee aliyemlea kama mtoto baada ya baba kufariki, amekaa ugenini anaitwa mwizi. Upande wa pili kuna mama mzazi, na sebule nzima ya wakwe inasikiliza. Akinyamaza, mzee anarudi Songea na doa ambalo halitatoka mpaka anazikwa. Akisema, mama yake ataingiaje nyumba ile? Na hana muda wa kufikiri, simu iko hewani.

Akasema, "Mshenga hajaifungua. Ilifunguliwa huku nyumbani kabla hajaipokea. Hiyo elfu hamsini naituma sasa hivi na naomba radhi."

Baba mkubwa akauliza, "Aliifungua nani?"

Shangazi akamkata. "Kaka, tulitaka kujua njia, tumeonyeshwa. Jina hatukuliomba."

Hela ikaingia kabla soda hazijafunguliwa. Upande wa binti wakapiga faini, kitenge kwa shangazi na kofia mpya kwa mshenga, kwa sababu kofia yake ilivuliwa siku hiyo kwa aibu isiyo yake. Hiyo ya kofia ilikuwa ya baba mkubwa mwenyewe, na ilikuwa namna yake ya kuomba samahani bila kutamka. Wazee wetu wengine ndivyo walivyo.

Jioni fundi alipofika nyumbani hakuuliza kitu. Mama ndiye aliyeanza, anapepeta mchele, hajainua uso.

"Ni mimi. Nilitaka kuona umeweka ngapi. Nikakuta laki mbili. Laki mbili za kufungulia barua tu, mahari je? Mahindi yamekuwa ya njano shambani, mbolea ya kukuzia sina. Nikasema hamsini hawatajua."

"Niliandika kwenye barua, mama."

"Mbona hukunisomea?"

Hapo akakosa jibu, na ni haki yake kukosa. Mama alikosea, hilo halina mjadala, hela ya mtu si ya kupunguza na jina la mshenga si la kuchezea. Ila ule mstari ungesomwa, kelele zingepigwa palepale nyumbani, mama na mwana wangenuniana siku mbili, na bahasha ingefika na tundu mbili. Kijana alikwepa ugomvi mdogo wa sebuleni kwao, ugomvi ukapanda kosta ukaenda Mbinga.

Kesho yake mama alikwenda Bombambili kwa miguu, na mvua ile. Alichoongea na mshenga ni chao wawili. Kinachojulikana ni kwamba mzee alikubali kuendelea na kazi kwa sharti moja: bahasha yoyote atakayobeba kuanzia sasa ifungwe mbele yake, hela ihesabiwe mezani, na asaini kwa kalamu juu ya maungio ya mfuniko, nusu ya saini juu na nusu chini.

Mahari ilipelekwa mwezi wa saba, mahindi yameshavunwa. Safari hiyo mama alikuwepo, gauni jipya, amekaa pembeni kwenye mkeka anaangalia miguu yake. Shangazi alikuja akakaa naye bega kwa bega, hakuna aliyemwelekeza. Baba mkubwa alipomkabidhi bahasha, aliigeuza, akaangalia saini, akaiinua dirishani. Akahesabu matundu kwanza, kabla ya hela.

Yalikuwa mawili.