Chana Hapa

Maneno ni mawili tu: chana hapa. Yako kwenye pembe ya pakiti ya sabuni ya unga, pembeni yake kuna mkato mdogo na mshale wa kuonyesha njia. Mwenye kiwanda amekufikiria. Hutahitaji mkasi wala wembe.

Nyumbani kwetu Tunduma, mama yangu hutumia mkono mmoja. Kiharusi kilimpata mwaka 2018, kikauacha mkono wa kulia hauna kazi, na tangu hapo nimezoea kuzitazama pakiti kwa macho yake. Kuchana kunataka mikono miwili: mmoja ushike, mwingine uvute. Mama huibana pakiti kwa magoti, huvuta kwa meno, na mara nyingi ile pembe hunyofoka peke yake, pakiti ikabaki imefungwa kama ilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo humwita mjukuu. Sauti yenyewe inakwambia kwamba kinachomuuma si sabuni. Mtu aliyelea watoto sita kwa kuuza mchele sokoni sasa anasubiri mtoto arudi shule ndipo afue kitambaa chake cha kichwa.

Huu ni mji wa mpakani. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, Zambia, malori yanapanga foleni barabara kuu, na duka la mtaani linaweza kuwa na bidhaa za nchi tatu kwenye rafu moja. Humo utakuta mafuta ya kujipaka yenye pampu, na mchele wa kilo moja kwenye mfuko wenye zipu. Sisi tuko saba. Kilo moja ya mchele inaisha kwa mlo mmoja, kwa hiyo sijui zipu ile inafunga nini. Pampu nayo huacha kuvuta wakati mafuta bado yamejaa chini na kwenye kuta za chupa, tukaishia kuipasua chupa kwa kisu ili tupate tulichokwisha kukilipia.

Urahisi tunaoujua sisi ni wa kupimiwa. Unakwenda kwa Mangi na chupa yako, anakupimia mafuta ya kula ya siku mbili, unalipa ulichonacho mfukoni. Au chukua dumu la lita 20. Halina pampu wala mshale. Lina mpini na mdomo wenye kifuniko cha kuzungusha, basi. Mafuta yakiisha, dumu linaanza kazi ya pili ya kubeba maji, na katika mji ambao maji ya bomba ni ya kusubiri, kazi hiyo ndiyo kubwa. Likitoboka hukatwa juu, mtu akapandia mchicha. Hata sabuni ya mama siku hizi tunaimimina kwenye ndoo ndogo iliyokuwa ya rangi, kifuniko kimelazwa tu juu, anachota kwa kikombe muda anaotaka.

Serikali nayo imewahi kugusa jambo hili. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar walikuwa wametangulia tangu 2006. Baadaye likafuata katazo la lakiri za plastiki, ule utando mwembamba uliovishwa juu ya kifuniko cha chupa ya maji. Chini ya kifuniko tayari kuna pete inayokatika chupa ikifunguliwa mara ya kwanza. Lakiri ilikuwa mlinzi wa kumlinda mlinzi. Ilipoondoka, mtaani kwetu sikumsikia mtu akiililia. Mama, aliyekuwa akipambana nayo kwa ukucha, alipunguziwa hatua moja. Sikumbuki bidhaa nyingine iliyowahi kumrahisishia jambo, na hiyo ilifanya hivyo kwa kuondolewa kitu.

Vijana wanaookota makopo hupita kwetu na viroba mgongoni. Chupa tupu ya maji wanaichukua, maana inauzwa kwa kilo. Pakiti ya sabuni yenye tabaka juu ya tabaka hawaiangalii mara mbili, wala pampu yenye springi ndani. Hizo zinabaki shimoni nyuma ya nyumba, zinachomwa jioni, na moshi wake unaingia kwa jirani kabla ya kuingia kwetu.

Kwa hiyo nikiwa dukani nina maswali mawili. La kwanza: kitafunguka kwa mkono mmoja? La pili: kikiisha, kitafaa kwa kazi gani? Vitu vingi vya kwenye rafu vinaangukia swali la kwanza, na hivyo ndivyo vilivyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni rahisi kutumia.