Tusiwalaumu Wachukuzi

Wazee walisema: Haraka haraka haina baraka. Neno hilo tulilisikia tangu utoto, lakini tulilifahamu vema siku ile kazi yetu ya miezi minne ilipovunjika katika sanduku moja.

Sisi ni wamama 12 wa Katuba, mjini Lubumbashi. Tunatengeneza wanasesere wa kupamba nyumba. Kichwa na mikono ni udongo uliochomwa motoni. Mwili ni kitambaa kilichojazwa pamba. Nguo ni vipande vya kitenge. Mmoja anatwanga, mwingine amejitwika kuni, mwingine amebeba mtoto. Mfinyanzi wetu ni mama mzee. Kila kichwa anakipa uso wake. Hakuna viwili vinavyofanana.

Mwaka 2017 rafiki zetu wa Ubelgiji walituagiza wanasesere 24 kwa sikukuu ya Noeli. Tulifurahi mno. Fedha yake tulikuwa tumekwisha kuigawa mioyoni: masomo ya watoto, na bati za nyumba ya mjane mmoja kati yetu. Tukamzungushia kila mwanasesere gazeti, tukawapanga wote katika katoni moja kubwa, tukaandika FRAGILE pande zote kwa wino mwekundu, tukaipeleka. Baada ya majuma matatu zikaja picha katika simu. Loo! Shingo 9 zimekatika, vidole vimetawanyika kama punje za mahindi, na nyuso nyingine zimechafuka kwa wino wa gazeti.

Tukaanza kulaumu: wachukuzi hawa, ndege hizi, watu wa forodha! Mama mzee alinyamaza. Kisha akatuuliza:

« Binti zangu, mtoto akianguka kutoka mgongoni mwa mama yake, mnailaumu njia? »

« Hapana, mama. Ni kitambaa kilicholegea. »

« Basi. »

Hakuongeza neno. Tukazitazama picha tena. Kumbe, katoni yenyewe ilikuwa nzima! Safarini gari hutetemeka, mzigo hugeuzwa, pengine huangushwa. Njia ni njia. Lakini ndani tuliacha nafasi tupu, na wanasesere wetu walikuwa wakigongana wao kwa wao. Maandishi mekundu hayazuii pigo.

Tangu hapo tunafanya hivi. Kwanza tunawaacha wakauke kabisa, maana unyevu ukifungiwa ndani huzaa ukungu. Kila kinachotoka tunakitoa: mchi, kikapu, hereni, tunakifunga peke yake. Uso unafunikwa kwa karatasi laini nyeupe. Gazeti linakaa nje tu. Shingoni tunazungusha kitambaa laini mpaka kichwa na mabega viwe kama kitu kimoja. Hapo ndipo penye udhaifu wote. Tunakaza bila kubana: mtoto aliyebanwa mno naye huumia.

Kila mwanasesere anapata kijisanduku chake. Tunakitikisa karibu na sikio. Kikitoa sauti, tunafungua na kuanza tena. Kisha vijisanduku vyote vinaingia katika katoni ngumu, na kila upande, chini na juu pia, tunajaza karatasi iliyokunjwakunjwa, unene wa vidole vinne. Mwisho tunaweka ndani karatasi yenye jina la mpokeaji na hesabu ya vitu, maana ile ya nje huweza kubanduka.

Wengine watasema: mbona msitumie majani makavu ya migomba? Nchi nyingi hukataza nyasi na majani kufungia mizigo, kwa kuogopa wadudu. Hata sanduku la mbao lina sheria yake tangu mwaka 2002: ubao unaozidi milimita 6 lazima utibiwe. Kwa kawaida hupashwa moto mpaka kiini chake kifike digrii 56 kwa dakika 30, kisha hupigwa chapa yenye suke la ngano. Kwa hiyo sisi tunapenda katoni.

Wale 9 tuliwafanya upya bila malipo. Bati za mjane zilichelewa mwaka mzima, naye akalala chini ya turubai mvua yote. Hilo lilituuma kuliko hasara ya fedha. Mwaka 2018, kabla ya kutuma tena, tulimfunga mwanasesere mmoja wa zamani, tukaangusha katoni yake kutoka kiunoni, mara tano. Mama mzee mwenyewe alifungua. Akapapasa shingo, akapapasa vidole, akacheka.

Wale 9 walifika wazima wote. Nasi, tukiona leo mama anapita barabarani na mtoto amelala mgongoni, tunatazama kwanza fundo la kitambaa chake.