Simulizi za Nesi wa Mafia (4): Siku niliyomuua mke wa mtu kwa neno moja

Mliokuwa mnauliza sehemu ya 4 iko wapi, nilikuwa na zamu tatu za usiku mfululizo, mnisamehe. Leo siandiki habari za dawa. Naandika habari za Kiingereza, hasa vile vineno vidogo vinavyofuata kitenzi: up, off, out, away. Nilikuwa navidharau. Sividharau tena.

Kwa asiyepajua Mafia: kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tatu hivi, papa potwe wanasogea karibu na Kilindoni, na wageni wanakuja kuogelea nao. Wakiumwa wanaletwa kwetu. Na sisi Kiingereza tumekisomea, mitihani yote tumeifanya kwa Kiingereza. Kwa hiyo nilikuwa najiona niko vizuri.

Siku moja, nikiwa bado mgeni kazini, akaletwa mama mmoja wa Kizungu. Alianguka hotelini. Jua kali, hajala tangu asubuhi, maji hajanywa. Presha iko chini. Tukamlaza, tukamwekea dripu, baada ya dakika chache akafumbua macho na kuanza kuongea. Mume wake yuko baharini, kwenye boti ya papa potwe. Nikachukua simu, nikampigia mwenyewe, kwa kujiamini kabisa: "Sir, your wife passed away at the hotel, but now..."

Mtandao ukakata.

Nikapiga tena, haipatikani. Nikasema haidhuru, ujumbe si umefika? Nikaendelea na kazi zangu.

Baada ya karibu saa nzima yule baba akaingia wodini. Peku, nguo zinachuruzika maji, uso hauna damu. Akamkuta mke wake amekaa kitandani anakunywa dafu. Ndugu zangu, yule baba alipiga magoti pale sakafuni akalia kama mtoto. Mimi nimesimama na faili langu, nashangaa huyu vipi tena.

"Pass out" ni kuzimia. "Pass away" ni kufariki. Nilijifunza yote mawili wiki moja chuoni, na kichwani mwangu yalikaa chumba kimoja: yote yanaanza na pass, yote mtu analala chini.

Niliomba radhi mpaka sauti ikakauka. Mke alicheka. Mume hakucheka, na nilimwelewa. Kwa karibu saa nzima, kwenye boti, alikuwa mjane kwa sababu yangu.

Sasa sikiliza nilichojifunza, hasa wewe mdogo wangu unayesoma uuguzi.

La kwanza: kitenzi cha Kiingereza usikisome bila mkia wake. "Look" ni tazama. Lakini "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza. Ukisema unam-"look for" mgonjwa wako, watu watadhani ametoroka wodini. Sisi mkia tunaubandika humo humo ndani ya kitenzi: pita, pitia, pitisha, pitwa. Wao wanauacha nje, umesimama peke yake, ndiyo maana jicho letu linauruka.

La pili: mkia mwingine unaachana na kitenzi, mwingine hauachani. Unaweza kusema "take off your shirt" au "take your shirt off". Ila ukitumia "it", lazima ikae katikati: "take it off". Lakini "look after her" haikatwi. Huwezi kumuweka "her" katikati hata iweje.

La tatu, na hili ni la roho ya mtu: vielezi. Tulifundishwa kwamba ukiongeza -ly mwishoni umepata kielezi. Quick, quickly. Slow, slowly. Sawa. Sasa angalia hapa. "She is breathing hard" maana yake anapumua kwa nguvu, anahema. "She is hardly breathing" maana yake karibu hapumui kabisa. Herufi mbili tu, na kila sentensi inakupeleka mbio kwenye dharura tofauti. Na "late" na "lately" ni hivyo hivyo: la kwanza ni kuchelewa, la pili ni siku hizi za karibuni.

La nne: Kiingereza chetu ni cha vitabu. Sisi tunajua "vomit", mgeni anasema "I threw up". Sisi tunajua "faint", yeye anasema "passed out". Si kwamba hatujui, tumeingilia mlango wa mbele na wao wanaishi uani. Kwetu pia ni vivyo hivyo. Kuna daktari mgeni aliyejitahidi sana na Kiswahili chake, bibi mmoja akamwambia, "Mjukuu wangu anaendesha tangu jana." Daktari akamtazama mtoto wa miaka miwili, akauliza, "Anaendesha nini?" Bibi akaniangalia mimi kama kusema huyu ndiye mmetuletea?

Kwa hiyo kanuni yangu siku hizi: jambo likiwa zito, natumia neno moja lisilo na mkia. "She fainted. She is alive." Na siku ya msiba kweli, nasema "died", kwa upole, nikiwa nimeketi. Hata kwa Kiswahili tunafunika: ametangulia, ameaga. Ni adabu, na nzuri. Ila aliye kwenye simu mbovu anahitaji kwanza kuelewa.

Jioni ile nilijifungia stoo nikalia. Mkunga wetu mmoja mtu mzima akanifuata, akanipa chai, akaniambia, "Mwanangu, umepitiwa tu. Kesho uje kazini."

Nilikaa na lile neno usiku kucha. Umepitiwa. Ndani yake kuna pita ile ile, pass ile ile, na mkia wake. Mzungu gani angelielewa? Lakini mimi lilinifika, na kesho yake nilikuja kazini.

Na wewe, neno gani limewahi kukupitia? Niandikie hapo chini. Sehemu ya 5 nikitoka zamu, inshallah.